Mizani Ikaguliwe Kabla ya Mwili

Juma hili twaijibu barua iliyotufikia kutoka Voi. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne, umri wake wakaribia miaka 50, na daktari alikwisha mwambia kuwa sukari yake imepanda na kwamba dawa pekee haitatosha asipoutumikisha mwili. Mwanawe afanyaye kazi Dubai akamnunulia baiskeli ya mazoezi ya ndani, ya aina hii mpya inayozungumza na simu, akaifikisha hadi nyumbani. Dada yetu akaipanda kwa miezi miwili, siku nne kwa juma, na sukari ikaanza kushuka. Kisha programu ikamwambia kuwa wakati wa kupima siha yake upya umewadia.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Katika dakika ya nane ya jaribio, pedeli zilikuwa nzito kama mtu anayekanyaga saruji mbichi, hata miguu ikasimama kabisa, na hali pumzi yasema alikuwa nayo bado. Simu ikamwandikia nambari iliyo chini ya ile ya mwanzo. Juma la pili akachagua jaribio la aina nyingine, la dakika 20. Safari hii pedeli zikawa nyepesi kama upepo, na nambari ikazidi kushuka. Mumewe akasema mashine imekufa, iuzwe. Mavyaa akasema ni hasadi ya majirani walioiona ikishushwa garini. Yeye mwenyewe hakujibu mtu. Aliifunika baiskeli kwa leso, na alipotuandikia ilikuwa wiki ya tano hajaipanda. Atuuliza: mwili wangu umeshindwa, au ni jicho, au niiuze?

Jicho lipo, nasi hatumkanushii mavyaa. Lakini kabla hajaitwa wa kusoma ruqya, na atazamwe kwanza mtu wa kuangalia kama waya umechomekwa vyema. Kutafuta sababu ya karibu hakupunguzi imani ya mtu.

Twaanza na mizani, kwa kuwa humo ndimo jibu lilimo. Aliyesoma madrasa anajua kuwa Qurani ina sura nzima iliyopewa jina la wapunjaji, Al-Mutaffifin, wale ambao wakijipimia hujaza na wakiwapimia wenzao hupunguza. Ndiyo maana miji ya Waislamu tangu zamani ilikuwa na muhtasibu, msimamizi wa soko, ambaye katika kazi zake ilikuwa kukagua mizani na pishi za wauzaji. Mwaka wa 1121 mwanachuoni Al-Khazini, huko Merv iliyo Turkmenistan ya leo, aliandika kitabu kizima juu ya mizani akakiita Mizani ya Hekima. Na hata leo, mwenye duka la nafaka pale sokoni Voi hutakiwa mizani yake ikaguliwe na maafisa wa vipimo wa serikali na kupigwa muhuri. Hatujapata kumwona mwenye duka aliyepima sukari kilo mbili, akaiona haifiki, akasema sukari yenyewe imekuwa dhaifu. Husema: hebu tuitazame mizani.

Basi baiskeli hii nayo ni mizani. Waliozianzisha walizifanya hivyo kwa makusudi. August Krogh, mwanasayansi wa Denmark, mwaka wa 1913 alieleza baiskeli yake ya kupimia kazi ya mwili, breki yake ikiwa ya sumaku ya umeme. Mwaka wa 1954 Wilhelm von Döbeln wa Sweden akatoa nyingine iliyo sahili zaidi, ambayo mkanda uliozunguka gurudumu lake ulishikana na mizani hasa, ikionyesha uzito ambao mguu unaushinda. Hizi za leo zimeficha mizani hiyo ndani ya boksi la plastiki, mtu akasahau kuwa ipo, akaidhani nambari imetoka mwilini mwake moja kwa moja.

Ndani ya boksi hilo mna gurudumu zito la chuma au alumini, na kando yake sumaku. Sumaku hailigusi gurudumu. Gurudumu lizungukapo mbele yake, umeme mdogo huzaliwa ndani ya chuma, na umeme huo huupinga mzunguko. Huo ndio ukinzani tuuhisio mguuni. Sumaku ikisogezwa karibu, au ikiwa ni ya umeme ikaongezewa mkondo, ukinzani huzidi. Ikiachiliwa, hupungua. Ndiyo maana fundi wa baiskeli za barabarani akiifungua atatafuta raba za breki zilizoisha asizione, kisha atamwambia mwenye nyumba kuwa kuna kitu kimeibwa.

Swali kubwa, kwa hivyo, ni hili: ni nani aliyeishika breki? Ni mpandaji au ni simu?

Katika jaribio la kwanza alilolifanya dada yetu, breki imeshikwa na simu. Hilo ni jaribio la ngazi: kila dakika programu huongeza wati kidogo, mpaka mtu ashindwe. Hali hiyo kwenye skrini huandikwa kwa herufi tatu, ERG. Wati ni nguvu ya mkanyago ikizidishwa kwa kasi ya miguu, na programu iliyoamrishwa wati 120 haijali umezipata kwa njia gani. Ukizungusha pedeli mara 80 kwa dakika, itakuwekea ukinzani wa kadiri. Ukichoka ukashuka hadi mara 40, lazima ikuwekee nguvu maradufu katika kila mkanyago ili wati zibaki 120. Nguvu hiyo ikuchoshe zaidi, kasi ishuke zaidi, nayo iongeze tena, mpaka miguu isimame kama punda aliyekataa.

Anayetoka Mwatate kwenda Wundanyi aijua barabara ile inavyopanda milima ya Taita kwa kona na kona. Mlima ule ni mkali, lakini hauzidi ukali kwa sababu umechoka. Ukipunguza mwendo, nao wakungoja. Mlima wa ERG hufanya kinyume. Ukipunguza mwendo, wazidi kuinuka. Mtu asiyeambiwa habari hii kabla ya kupanda, hata awe na nguvu za mchukuzi wa bandarini, atadhani ama mashine imeharibika ama yeye amekwisha.

Na ushahidi kuwa si mwili ulioshindwa uko katika barua yenyewe. Amesema pumzi ilikuwa ipo. Jaribio la ngazi likimfikisha mtu ukingoni kweli, hatahitaji kutuandikia kuwa pumzi ilikuwepo. Atakuwa anahema hata hawezi kutamka neno. Likikoma miguu imekwama na kifua kimetulia, basi lililokoma ni mwendo, na nambari iliyotoka haifai kuwekwa popote. Dawa yake ni kuuchunga mwendo tangu mwanzo: azungushe baina ya mara 75 na 85 kwa dakika, na kila dakika inapokaribia kubadilika aongeze kasi kidogo, ngazi mpya imkute akiwa mwepesi. Akiona ameanza kukwama asishindane nayo. Azime ile ERG, au apunguze wati kwa kitufe, azungushe bila uzito mpaka miguu irudi, na jaribio lile alihesabu limevunjika.

Jaribio la pili lilikuwa na kisa kilicho kinyume. Katika lile la dakika 20, programu nyingi huiachilia breki kwa makusudi, kwani hakuna ajuaye kabla wati ambazo mpandaji ataweza kuzishika kwa muda huo. Ni yeye apaswaye kujiongezea uzito kwa vitufe vya jumlisha na toa, au kwa gia zilizo kwenye usukani. Dada yetu alingoja programu imwongezee, na programu ilimngoja yeye. Dakika 20 zikapita wanangojeana.

Tunataja hesabu yake ili ajue nambari zile hutoka wapi. Katika jaribio la ngazi, programu huchukua dakika moja iliyo bora kuliko zote na kuitwalia asilimia 75. Aliyefikia wati 140 huandikiwa 105. Katika jaribio la dakika 20, huchukua wastani wa muda wote na kuutwalia asilimia 95. Aliyeshika wastani wa wati 110 huandikiwa takriban 105 vilevile. Njia mbili, kijiji kimoja. Lakini aliyezungusha pedeli tupu akapata wastani wa wati 60 ataandikiwa 57, na simu haitamwambia kuwa alisahau kitufe. Itampa pole na kumpangia mazoezi ya mgonjwa.

Yako mambo mengine ya kukaguliwa, nasi tutayapitia upesi. Baiskeli nyingi za namna hii breki yake hutegemea umeme wa ukutani. Iliyotoka Dubai haina tabu ya plagi, maana Imarati na Kenya hutumia plagi ile ile ya meno matatu mapana, na nguvu ya umeme yakaribiana. Lakini iliyoletwa kutoka Marekani isomwe kibandiko cha adapta kabla ya kuchomekwa, kwani umeme wao ni nusu ya wetu. Adapta isichangie soketi moja na friji. Umeme ukikatika katikati ya jaribio, jaribio hilo limekwisha. Ukirudi, usiipande mara moja, maana simu yaweza kuunganika tena na kurudisha uzito wote kwa ghafla juu ya miguu iliyosimama. Kisha kuna suala la Bluetooth. Ikiwa simu ya kijana iliyotumika siku ya kwanza bado imeunganishwa na baiskeli kutoka chumba cha pili, na tableti ya mama nayo imeunganishwa, huenda mmoja akaishika breki na mwingine akawa atoa amri zisizosikilizwa. Zima zote, bakiza moja. Na kama programu imetoa sasisho jipya, lisasishwe siku kabla ya kupima, wala si asubuhi ya kupima.

Baada ya hayo ndipo mizani husawazishwa. Kuna baiskeli zinazojisawazisha zenyewe, na kuna zinazotaka mpandaji azisaidie: azungushe dakika kumi kwanza ili vyuma vipate joto, aingie katika menyu ya programu, aongeze kasi mpaka skrini imwambie basi, kisha aache miguu imetulia kabisa na gurudumu lisimame lenyewe. Mashine huhesabu muda wa kusimama kwake, nayo ikajua mkanda na beringi zinakula nguvu kiasi gani. Asiyefanya hivyo kwa miezi miwili asishangae nambari ikihama. Zile dakika kumi za mwanzo nazo si pambo. Chuma kikipata joto, umeme ule mdogo hupita ndani yake kwa taabu zaidi, na breki ya sumaku hulegea kidogo. Ukipima kwa chuma baridi leo na kwa chuma moto kesho umetumia mizani mbili.

Joto latuleta Voi. Mji huu uko karibu mita 600 juu ya bahari, katika tambarare ya Tsavo, na wenyewe mwaijua saa nane ya mchana ya mwezi wa Februari. Mwili ulio katika joto hupeleka damu kwenye ngozi ili upoe, moyo ukapiga mbio zaidi kwa kazi ile ile, na wati zikapungua bila ya siha kupungua. Jamaa yake aliye Wundanyi, juu zaidi ya mita 1,300 penye ubaridi, akipanda baiskeli hiyo hiyo ataona mambo mengine. Dada yetu ametwambia jaribio la kwanza kabisa alilifanya alfajiri, na haya mawili aliyafanya baada ya adhuhuri watoto wakiwa shule. Twaona hapo pekee pangetosha kuzifanya nambari zisilinganishwe. Apime baada ya swala ya alfajiri, feni ikimwelekea kifuani, dirisha likiwa wazi na pazia limeshushwa, na kila mara apimapo iwe ni saa ile ile.

Wala asijilinganishe na wifi yake wa Mombasa mwenye baiskeli ya aina nyingine. Zilizo bora hudai kukosea asilimia moja au mbili tu. Za bei nafuu hazipimi nguvu kabisa, bali hukisia kwa kutazama kiwango cha uzito na kasi ya miguu. Wati 105 za Voi na wati 130 za Mombasa huenda zikawa ni mwanamke yule yule.

Sasa twaja kwenye lililo zito kuliko pedeli. Mtu mwenye sukari, aliyekaribia miaka 50, hatakiwi kufanya jaribio la kufika ukingoni kwa sababu simu imemwambia afanye. Simu haijui historia yake. Kabla ya jaribio la namna hiyo amwone daktari wake, pale Hospitali ya Rufaa ya Moi au alikozoea, aseme waziwazi: nataka kujaribu nguvu zangu zote, je, moyo wangu waruhusu? Maumivu ya kifua, kizunguzungu, jasho baridi, au pumzi isiyorudi ni amri ya kushuka hapo hapo, hata kama imebaki nusu dakika. Akiwa atumia insulini au vidonge viwezavyo kushusha sukari, aipime kabla ya kupanda. Ikiwa chini ya 5 ale kwanza. Na kibakuli cha tende kiwe pembeni.

Tena hana haja ya kufika ukingoni ili ajue kama ameendelea. Mwaka ule ule wa 1954 Per-Olof Åstrand na Irma Ryhming, huko Sweden, walitoa njia ya kukadiria siha kwa kazi ya wastani: mtu akanyage kwa uzito mmoja usiobadilika muda wa dakika sita, na mapigo ya moyo yahesabiwe mwishoni. Nyumbani yaweza kufanywa kwa usahili. Aweke wati 50, azungushe mara 60 kwa dakika, aandike mapigo ya dakika ya tano na ya sita. Baada ya wiki sita arudie, saa ile ile, feni ile ile. Mapigo yakiwa yamepungua kwa wati zile zile, moyo wake umepata nguvu. Tahadhari ni moja: baadhi ya dawa za presha huyazuia mapigo yasipande, na mwenye kuzitumia aulize daktari kwanza asije akafurahia kazi ya kidonge. Na hata asipopima kabisa, shabaha ya Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima ni dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma. Siku nne alizokuwa akipanda, kila siku dakika 40, zamfikisha humo.

Kwa bwana wa nyumba tuna neno pia, na atusamehe kwa kumwingilia. Abu Daud amepokea kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na mkewe bibi Aisha wakiwa safarini, bibi Aisha akamshinda. Hata baadaye, alipokuwa amenenepa, wakashindana tena na Mtume akamshinda, akamtania kuwa ushindi huu ni malipo ya ule. Hayo ni majaribio mawili ya siha ya mke, yenye majibu mawili tofauti, na hatukupokea kuwa kulikuwa na aibu baina yao wala shutuma. Kulikuwa na mchezo. Mke ambaye nambari yake imeshuka hahitaji kuambiwa mashine iuzwe. Anahitaji mtu wa kushika simu wakati anapoisawazisha, kwa kuwa si rahisi kusoma menyu huku unazungusha.

Wako wanaouliza kwa nini mwanamke asitembee tu nje akaacha gharama hizi. Atembee, akiweza, mama zetu wa Sagalla na wa milimani wamepanda na kushuka na mizigo kichwani kabla simu hazijazaliwa. Lakini anayeishi kandokando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, penye malori na vumbi na jua, na anayetaka avue baibui afanye mazoezi kwa sitara yake, hatuoni kwa nini aombe radhi kwa baiskeli iliyo chumbani mwake. Mwanawe ameitoa kwa jasho lake, na sukari ilikuwa ikishuka.

Basi dada yetu, usiiuze. Jumamosi baada ya alfajiri ondoa leso, kagua adapta, zima simu ya kijana, zungusha dakika kumi, sawazisha. Siku hiyo usipime kitu. Jumatatu fanya zile dakika sita za wati 50, uandike mapigo mawili na saa uliyopanda, kisha utuletee kwa njia ile ile uliyotuletea barua, nasi tukijaaliwa tutaendelea kutoka hapo.